Jinamizi linanikaba tangu nianze kujifunza kuota nikijua naota

Shikamoo shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 22, mwenyeji wa Pemba, nasoma chuo Dar es Salaam mwaka wa pili. Nimepanga chumba Temeke na mwenzangu mmoja. Naomba unisikilize bila kunicheka, maana kila niliyemweleza ama amecheka ama amenitisha.

Mwanzoni mwa muhula nilikutana na video mtandaoni za watu wanaofundisha namna ya kuota huku unajua kabisa kwamba unaota, mpaka ndoto unaiendesha utakavyo. Nikavutiwa. Sikuwa na shida yoyote ya kutatua, nilitaka kuruka tu. Njia niliyoichagua ni ile wanayoisifia zaidi: unalala saa tano usiku, unatega alamu ya saa kumi, unaamka, unakaa kidogo, halafu unarudi kitandani na kulala chali bila kujitikisa. Hujikuni, hugeuki, hata mate unajizuia kumeza. Mwili unauacha ulale, akili unaibakiza macho mpaka ndoto ije uingie nayo ukiwa na fahamu zako.

Nilifanikiwa mara moja. Nilijikuta juu ya barabara ya Mtambile, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi pembeni mwa lami, nami naelea juu ya mikarafuu, na najua wazi kwamba mwili wangu uko Temeke. Furaha ikanizidi nikaamka.

Tangu hapo ni mateso. Nikiwa nimelala chali nasubiri, masikio yanaanza kuvuma mlio wa mashine ya kukoboa, mwili unakuwa mzito, halafu siwezi kusogeza hata kidole. Chumba nakiona: feni, ndoo ya maji, chandarua. Nje ya chandarua, upande wa miguuni, kuna mtu amesimama. Hana sura. Anasogea, chandarua kinabonyea, kifua kinabanwa hadi pumzi inakata. Nataka kumwita mwenzangu, kitanda chake kiko hatua mbili tu, sauti haitoki. Asubuhi ananiambia alinisikia naguna akadhani naota.

Watu wa mtandaoni wanasema nivumilie, kwamba huo ndio mlango na ukiishinda hofu unapita. Lakini sasa linanijia hata siku ambazo sijajaribu chochote. Naogopa kulala. Nashika simu mpaka saa nane, saa tisa usiku. Asubuhi nina kipindi saa moja, kwa hiyo nashindia vinywaji vya kuongeza nguvu, na UE, mitihani ya mwisho wa muhula, ndiyo hiyo inakuja.

Nikampigia mama. Alinyamaza kwanza, kisha akaniuliza kama bado nina tabia ya kulala chali. Akasema hiyo ni popobawa, lile jini linalosemwa huvamia watu usiku wakiwa wamelala, anaikumbuka ilivyowatesa kule nyumbani, nipande boti haraka nikasomewe. Mwenzangu naye anasema kuna mtu darasani ananionea kijicho, na Mbagala anamjua mganga.

Shangazi, naweza kufa nikiwa katika hali ile? Ni jini? Niache au nivumilie? Na mama nimjibu nini?

Naogopa Kitanda, Temeke

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na kufa, maana naona ndiko kunakokukosesha usingizi kuliko huyo mtu wa nje ya chandarua. Hufi. Msuli mkuu wa kupumulia, ule uliolala kati ya kifua na tumbo, unaendelea na kazi yake muda wote. Inayolegea ni misuli ya katikati ya mbavu na ya shingo, ile inayokusaidia unapotaka kuvuta pumzi ndefu kwa makusudi. Kwa hiyo hewa inaingia na kutoka kama kawaida ya mtu aliyelala, ila wewe ukishtuka na kutaka kuivuta kwa nguvu, kifua hakikutii, na hapo ndipo unapohisi mtu amekukalia. Hali yenyewe huchukua sekunde kadhaa, mara nyingine dakika moja au mbili, na huisha yenyewe hata usipofanya lolote. Najua ukiwa ndani yake dakika moja ni usiku mzima.

Sasa nikueleze kinachotokea, kwa sababu nadhani hao waalimu wako wa video walikueleza nusu tu.

Usingizi huenda kwa mizunguko, kila mmoja kama dakika 90. Mwishoni mwa mzunguko kuna kipindi ambacho macho huchezacheza chini ya kope na ndoto nzito hutokea. Kipindi hiki kilitambuliwa na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman huko Chicago mwaka 1953. Mwanzoni mwa usiku huwa kifupi, kuelekea alfajiri kinarefuka. Wakati huo ubongo unafanya kazi karibu sawa na wa mtu aliye macho, lakini shina la ubongo linakuwa limetoa amri misuli ilegee, isipokuwa ya macho na ule msuli mkuu wa kupumulia. Ni gari lililowekwa gia huru: injini inaunguruma, magurudumu hayaendi. Na ni bahati yetu. Mfaransa Michel Jouvet aliharibu sehemu ndogo ya shina la ubongo wa paka, wakawa wanainuka wakiwa usingizini na kurukia mawindo yasiyokuwepo. Bila amri ile, wewe siku ya mikarafuu ungejirusha kutoka kitandani.

Jinamizi hukaba pale akili inapoamka kabla amri ile haijaondolewa, au, kwa jinsi unavyofanya wewe, amri inapokuja wakati akili haijalala. Macho yako wazi, kwa hiyo feni na ndoo unaviona kwelikweli. Lakini ndoto nayo imeshaanza, inamiminika ndani ya chumba hichohicho. Na sehemu ya ubongo inayolinda hatari huwa imechangamka mno katika usingizi wa ndoto. Inakuta mwili hausogei, inauliza ni nani kafanya hivi, na ndoto inamleta mhusika. Ndiyo maana hana sura. Watafiti waliokusanya maelezo ya watu wengi wameyaona yakirudia namna tatu: kuna mtu chumbani, kuna kitu kinakandamiza kifua, na kuelea au kuhisi umetoka nje ya mwili. Mbili umeniandikia mwenyewe. Huo mvumo wa masikio nao ni wa kawaida, wengi huusikia.

Wala huko peke yako. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 yalikuta watu kama 8 katika kila 100 wamewahi kupatwa walau mara moja maishani. Kwa wanafunzi ilikuwa 28. Ukitazama wanafunzi wanavyolala, sijui kwa nini mtu ashangae.

Mimi nimekuwa muuguzi, na zamu za usiku nazijua. Katika chumba chetu cha mapumziko kulikuwa na kitanda ambacho manesi wote waliapa kina mwenyewe. Ukijilaza pale baada ya zamu, unakabwa. Wengine walikuwa wakitandika kanga chini sakafuni kuliko kukigusa. Nilikuja kukiangalia vizuri baadaye: kilikuwa chembamba, kimebanwa ukutani, na mtu mzima hakuwa na namna ya kulala pale ila chali. Ongeza uchovu wa usiku kucha na kulala saa ambazo mwili haukuzoea, basi mwenyewe wa kitanda ndiye huyo.

Tazama basi ulichokuwa unakifanya. Umekatiza usingizi saa kumi, wakati ndoto ndefu ndiyo zinaanza, kwa hiyo ukilala tena zinakuja haraka. Umelala chali, mlalo ambao jinamizi huupenda kuliko mingine. Umejizuia kugeuka. Na umeweka akili mlangoni ikilinda mwili unavyolegea. Mwanangu, hayo ndiyo masharti yote ya kukabwa, kimebaki chungu na ubani tu. Halafu ukaogopa. Ukaanza kulala saa tisa na kuamka kabla ya saa moja. Usingizi ukipungua, ubongo hudai ndoto zake kwa pupa, unaziingia ovyo na kuzitoka ovyo, na jinamizi linakuja hata siku ambayo hukuliita. Unaogopa zaidi, unalala kidogo zaidi. Vinywaji hivyo vya makopo vina kafeini, vinakukatia hata usingizi mchache uliobaki. Kwa hiyo kukabwa usiku ambao "hujajaribu chochote" hakunishangazi hata kidogo. Umekuwa ukijaribu kila usiku bila kujua.

Na hawa wanaokwambia ni mlango, uvumilie. Hapo nimekasirika kidogo. Kukabwa si mtihani wa kupita kwenda kwenye ndoto. Wengi wanaoota wakijua wanaota huzinduka katikati ya ndoto iliyokwisha kuanza: anaona kitu hakiingii akilini, anajiambia "aa, hii ni ndoto". Hata wanaoingia na fahamu zao moja kwa moja, wengi hawakutani na mtu yeyote nje ya chandarua. Kumwambia kijana asiyelala vizuri akae ndani ya hofu ile kwa makusudi, usiku baada ya usiku, ni ushauri wa mtu ambaye kesho hana mtihani.

Sikwambii kwamba jambo lenyewe ni uzushi. Aprili 1975, huko Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, Keith Hearne alimfunga Alan Worsley mashine za kupima usingizi, wakakubaliana kwamba akijitambua ndotoni azungushe macho kushoto na kulia kwa mpangilio maalumu, kwa kuwa macho hayafungwi na ile amri. Ishara zikaandikwa kwenye karatasi ya mashine, mtu akiwa amelala fofofo. Miaka michache baadaye Stephen LaBerge naye alithibitisha hivyo kule Stanford bila kutegemea kazi ya Hearne. Kwa hiyo ile barabara ya Mtambile nakuamini.

Ila kwa sasa acha. Sisemi milele. Acha mpaka UE ipite na usingizi wako urudi. Alamu ya saa kumi ifute. Chagua saa maalumu ya kulala na uishike hata Jumamosi. Ukiweza kulala saa nne usiku na kuamkia swala ya alfajiri utakuwa umepata saa saba hivi, na hizo zinatosha kusomea. Makopo hayo acha, hasa baada ya adhuhuri. Simu iwe mbali na mkono, hata ikibidi umpe mwenzako aiweke kwake. Lala ubavu. Nadhani umelelewa kulala ubavu wa kulia, basi umekwisha fundishwa, rudi huko. Weka mto au nguo iliyokunjwa mgongoni isikuache ugeuke chali. Mama yako alipokuuliza kama bado unalala chali, aliuliza swali ambalo daktari yeyote wa usingizi angekuuliza.

Likikukaba kabla mambo hayajatulia, usipigane nalo. Kujinyanyua kwa nguvu ndiko kunakoongeza hisia ya kubanwa, maana unaisukuma misuli isiyopokea amri. Mtafiti mmoja, Baland Jalal, amependekeza hatua ambazo nimezipenda kwa urahisi wake. Jiambie hiki ni kile cha usingizi, kinapita, hakidhuru. Acha kumtazama huyo mtu, na uelekeze moyo wote kwenye kitu unachokipenda au kinachokutuliza. Legeza mwili, usijaribu kusogea. Kwako hicho cha kutuliza sina haja ya kukutafutia: Ayatul Kursi unaijua toka utotoni, isome moyoni polepole, kipande kwa pumzi, na fumba macho yako kama yatakubali. Wapo wanaosema kwamba kuchezesha ncha ya kidole cha mguu kidogokidogo huwazindua. Ukiona inakusaidia, sawa, ila iwe taratibu.

Likishaachia, usijilaze palepale. Inuka, kaa, kunywa maji, kisha lala ubavu. Anayerudi chali papo hapo mara nyingi hukabwa tena.

Mwenzako mpe kazi badala ya kumwachia utabiri. Mwambie akisikia unaguna akuguse bega na kukuita jina. Kuguswa mara nyingi huikata hali ile mara moja.

Tuje kwa mama. Nakuomba usimjibu kwa dharau ya msomi. Yeye ni mtu wa Pemba, na mwaka 1995 kilichowapata si hadithi ya kumtania mtu. Hofu ya popobawa ilianzia huko Pemba, ikavuka Unguja, watu wakakesha nje ya nyumba zao kwa makundi, wamekoka moto, hakuna aliyetaka kulala peke yake ndani. Kukabwa, kukandamizwa, kushindwa kupiga kelele: waliyoyasimulia yanafanana mno na haya uliyoniandikia, na wapo watafiti waliosema wazi kwamba jinamizi lilikuwa na sehemu kubwa katika hofu ile. Fikiria pia usingizi wenyewe ulivyokuwa: watu wamekesha, wamechoka, wanasinzia kwa vipande vipande, kila mmoja akiwa amekwisha kusikia atakayemwona. Ilirudi tena miaka ya baadaye, mwaka 2007 hata hapo Dar mlipo.

Kila watu wana wa kwao. Newfoundland, Kanada, ni bibi kizee anayekalia kifua. Wajapani wanasema ni kufungwa kwa minyororo. Misri wengi husema jini. Na hapo pana jambo la kukusaidia: Jalal na mtafiti mwenzake Devon Hinton walilinganisha Wamisri na Wadenmark, wakakuta Wamisri ndio waliokabwa mara nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi, na wengi wao waliogopa kwamba watakufa. Yaani ukilala ukiwa na hakika kwamba anayekuja anakuja kuua, hofu hiyo inalirefusha lile lile unaloliogopa. Hii ndiyo sababu ninataka ujue ni kitu gani, hata kama katika imani yako majini yapo. Mimi sikutoi kwenye imani. Nakutoa kwenye kukesha.

Mganga wa Mbagala hapana. Atakutajia mtu. Hicho ndicho unachokwenda kununua pale, jina la mwenye kijicho, na ukishalipata hutaweza kukaa naye darasa moja. Katika hofu ya 1995 kuna mgonjwa wa akili aliyeuawa na kundi la watu mjini Unguja kwa kudhaniwa kuwa ndiye popobawa. Kutajana majina hufika huko.

Hospitali nenda, hata zahanati ya chuo kwa kuanzia, ukiona yafuatayo. Unashikwa na usingizi mchana usioweza kuuzuia hata siku uliyolala vizuri. Ukicheka sana au ukishtuka, magoti yanalegea au kichwa kinaanguka. Hayo mawili yakifuatana na kukabwa yanaweza kuwa ugonjwa wa usingizi unaotibika kwa dawa, na wengi hukaa nao miaka wakiambiwa wamelogwa. Kadhalika mwenzako akikwambia unakoroma sana na pumzi inasita, au kukabwa kukiendelea kila wiki baada ya kulala sawasawa mwezi mzima, au moyo ukizidi kuwa mzito hadi mchana. Na kama umewahi kusikia sauti au kuona watu ukiwa macho kabisa mchana kweupe, hayo majaribio ya ndoto usiyarudie hata baada ya UE. Mwone daktari wa akili.

Kama hayo hayapo na mwezi umepita bila kukabwa, na bado unatamani kuruka, iko njia ya LaBerge ambayo haikulazimishi kulinda mwili. Ukizinduka mwenyewe kutoka ndotoni, bila alamu, ikumbuke ndoto uliyoiacha. Itafute sehemu isiyoingia akilini, mathalani mwalimu wako wa msingi anauza kaukau kituo cha mwendokasi. Jiambie: nikiota tena nitatambua kwamba naota. Jione uko ndani ya ndoto ileile na safari hii umetambua. Kisha lala ubavu, ulale kweli, akili nayo ilale. Fanya hivyo asubuhi ambazo huna kipindi, mara moja moja kwa wiki, na mara nyingi haitatokea kitu. Ikitokea, usifurahie haraka kama ulivyofanya Mtambile. Wazoefu husugua viganja humo ndotoni ndoto isiwaponyoke.

Boti ya Pemba panda ukimaliza UE. Mpigie mama leo, mwambie umeacha kulala chali, umeacha kukesha na kwamba unasoma Ayatul Kursi kabla ya kulala. Hayo matatu atayaelewa bila mimi kumweleza ubongo. Ukifika akitaka kukusomea, kaa usomewe.

Shangazi